Eti "kwani huko Mtwara mna umeme?" Huyu muuza laptopu wa Kariakoo katutukana Kusini nzima

Wakuu, naandika huku nimeshika simu kwa mikono miwili, maana mmoja unataka kuitupa ukutani.

Nimetoka kusikiliza voisi yake sasa hivi. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye picha za laptopu zimepangwa juu ya kochi jekundu kama vitumbua kwenye sinia. Kila siku "mzigo mpya umeshuka wakuu wangu", kila siku "zimebaki mbili tu". Zimebaki mbili tu tangu Rufiji tunavuka kwa pantoni, na mpaka leo bado mbili.

Nina steshenari hapa Mtwara mjini, kuchapa barua, kuombea vijana mikopo, mambo hayo. Mashine yangu ya zamani ni ya Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Nikasema nitafute ya kati: si ya milioni mbili, wala si ile ya laki mbili inayonguruma kama mashine ya kusaga. Nikamwambia nataka EliteBook 840 G5, i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD 256. Nimeuliza kila kitu. Cha nane? "Cha nane bosi." Betri? "Masaa sita bosi." Laki sita na nusu, lipa namba, hela kwanza, maana kulipa mzigo ukifika ni kwa watu wa Dar peke yao. Sisi wa mkoani tunauziwa imani.

Mzigo umekuja na basi. Nimewasha, nimeandika dxdiag, ile inayoonyesha sifa za mashine, naona prosesa i5-6300U. Sita! Hicho ni kizazi cha 6, na Windows 11 rasmi inaanzia cha 8. Nageuza chini, kuna stika ya G5. Nikaikwangua kwa ukucha, chini yake G3, toleo la zamani, inaniangalia. Betri ndiyo usiseme, ukichomoa chaja inazima kabla hujamaliza kuandika nywila.

Haya yote ningemeza. Nimemwandikia kwa adabu kabisa, nikamwambia kaka, chaji haikai. Ndipo akatuma voisi. Nanukuu: "Kwanza hakikisha imeingia chaji kaka, kwani huko Mtwara mna umeme?" Halafu akacheka. Halafu, sikilizeni hapa, kuna mtu NYUMA yake naye akacheka. Wa nyuma anacheka nini? Yule wa mbele angalau kala hela yangu, ana sababu ya kufurahi. Wa nyuma je? Nimemkosea nini mimi?

Kwani huko Mtwara mna umeme. Nimeirudia ile voisi mpaka mke wangu kauliza ni nani huyo anayecheka usiku huu.

Mpwa wa Mikindani: Bila picha hii chai. Tena haina hata tangawizi.

Mleta uzi: Chai ya nini? Picha za stika ninazo, nazipandisha intaneti ikitulia. Voisi siiweki, sitaki watoto wenu wamsikie yule wa nyuma.

Bibi wa Shangani: "Intaneti ikitulia" 😂😂 Sasa unamsaidia kesi yake.

Fundi wa Chuno: Pole mkuu, umepigwa na kitu kizito. Hizo stika zinauzwa karatasi nzima, mtu anabandika anachotaka, ukimwambia unataka i9 anakubandikia i9. Wanaotaka kununua wakiwa mbali wanisikilize. Usikubali picha. Mwambie akurekodie video ya mashine yenyewe, aanze kwa kutaja jina lako na tarehe ya siku hiyo, asikate, afungue dxdiag, halafu aandike powercfg /batteryreport uone betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa umebaki ngapi. Ikiwa imebaki nusu, hayo masaa sita ni ya kwenye ndoto. Aingie na BIOS, mipangilio ya kabla Windows haijawaka, uone kama haina nywila ya kampuni iliyoitupa, zile za mtumba nyingine zinakuja zimefungwa na huku hakuna wa kuzifungua. Anayesema "bosi huniamini?" muache hapo hapo. Na kwa hela ile ile mimi ningechukua ThinkPad T480, ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, ikichoka unanunua nyingine unapachika mwenyewe.

Mleta uzi: Fundi nashukuru, ila naona hujanielewa. Stika nimeshaisamehe. Nazungumzia KWANI MTWARA MNA UMEME.

Msela wa Temeke: Ila wakuu tuseme ukweli tu kama ndugu. Mnao? Nilikuja harusi Masasi nikafunga tai gizani, kufika ukumbini naambiwa nimevaa na ya bwana harusi.

Mleta uzi: Nilikuwa nakusubiri wewe. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, hapa, nyumbani kwetu. Inasafishwa Madimba, hapa, nyumbani kwetu. Tangu 2015 inapanda kwenye bomba inakwenda kwenu, Kinyerezi wanafulia umeme. Feni inayokupepea hapo Temeke inavuta pumzi ya Mtwara. Na huyo aliyecheka nyuma, taa iliyomwangazia mpaka akaonekana meno ni yangu mimi!

Msela wa Temeke: Tulia dawa ikuingie mkuu. Meno umeyaona kwenye voisi?

Bibi wa Shangani: 😂😂😂 Nimeshindwa kupika.

Mzee wa Kivinje: Naomba nisahihishe kidogo kwa niaba ya Mkoa wa Lindi. Gesi ya kwanza kugunduliwa nchi hii ni ya Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974. Na ndiyo ya kwanza kufika Dar, 2004. Nyinyi mmekuja miaka kumi na moja baadaye mmekuta watu wameshazoea. Kila siku gesi ya Mtwara, gesi ya Mtwara. Sisi tunakaa kimya kwa malezi tu.

Mpwa wa Mikindani: Mzee nawe. Bomba kubwa ni letu.

Mzee wa Kivinje: Limepita kwetu kwenda Dar. Tungetaka tungelikalia.

Mwalimu Newala: Mleta uzi wewe una bahati, yako inaandika. Mimi nilinunua kwa mwingine, siyo huyu wa kochi jekundu, ni yule wa "Mungu ni mwema kila wakati". Kaniletea ya Kifaransa. Kibodi herufi zimeruka kamba, nikibonyeza A inatoka Q. Nimetunga mtihani wa Darasa la Saba mkuu wa shule kaniita kuniuliza kama niko sawa.

Fundi wa Chuno: Hiyo dawa yake ndogo mwalimu, badilisha lugha ya kibodi kwenye mipangilio, weka French. Zile za Uingereza ndizo hazina shida, tofauti kubwa utaona alama ya pauni juu ya 3.

Mwalimu Newala: Nikiweka French inatoka A, sawa. Ila vidole vyangu vilisomea kibodi ya kawaida, sasa mimi ndiye natoa Q.

Karani Mstaafu: Mleta uzi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, kumlinda mlaji ni kazi yao, Sheria ya Ushindani ipo tangu 2003. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unayo?

Mleta uzi: Kanipa ya mkono. Juu kaandika "laptop 1", chini kumepigwa mhuri mali ikishauzwa hairudishwi. Mhuri umekolea kuliko jina la duka.

Karani Mstaafu: Basi tunza na ujumbe wote wa simu, pale aliposema kizazi cha nane. Usiufute kwa hasira.

Msela wa Temeke: Na ile voisi. Tume nzima wacheke.

Mama Mizigo: Nyie mnalia na wauzaji, mimi wangu ni ofisi ya mizigo ya basi. Mei 2024 nimetumiwa TV kutoka Dar, Kimbunga Hidaya kikakata barabara pale Somanga. Sawa, Mungu kapanga. Barabara imefunguka, nafika stendi naambiwa nilipie mzigo kulala. Umelala kwa kupenda kwake? Nilikuwa nimeulaza mimi? Nikamwambia yule dogo wa kaunta, TV haikupanga chumba.

Mzee wa Kivinje: Somanga iko Kilwa, Mkoa wa Lindi. Nimesema tu, maana mtasema na hiyo ni Mtwara.

Mleta uzi: Mzee wa Kivinje hebu tusikilizane. Hakuna aliyewanyang'anya kitu. Bandari ya kina kirefu iko wapi? Mtwara. Gesi ilipochanganya, wageni walipanga nyumba wapi? Mtwara. Nyinyi mna kiwanda cha LNG, gesi ya kimiminika, cha Likong'o mnakisubiri, mnakisubiri, viwanja vimepanda bei mpaka kuku hana pa kuchakurua, na kiwanda hakijaota.

Mzee wa Kivinje: Hao wageni wa kupanga nyumba wako wapi sasa hivi? Jibu hapo.

Mpwa wa Mikindani: Hapo katuweza.

Bibi wa Shangani: Kweli, kodi ilishuka tukahamia na sisi. Nyumba ina vyoo vitatu, sijui cha tatu nikifanyie nini.

Mama Mizigo: Weka mizigo. Halafu uwatoze kulala.

Bwana Salfa: Samahani naingilia. Kuna mtu wa Tandahimba humu? AMCOS yetu, chama chetu cha ushirika, tangu mnada wa korosho uliopita hata shilingi haijaingia, kila ukiuliza "benki inashughulikia". Nataka kujua kama wenzetu mmeshalipwa au ni sisi tu.

Mwalimu Newala: Sisi nusu wamepata, nusu namba za akaunti zimekosewa. Aliyeziingiza nadhani ana laptopu ya Kifaransa.

Mleta uzi: Newala mnada wa mwisho mlitoa shilingi ngapi? Nina gunia mbili za shemeji, anataka nimuulizie.

Bwana Salfa: Standadi gredi au andagredi?

Mleta uzi: Andagredi, zilipigwa na mvua.

Bwana Salfa: Ungeanika juu ya bati, siyo chini. Njoo inbox.