Niliagiza matairi tu, fundi akaivua rangi yote Volkswagen ya Corgi ya marehemu baba yangu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilimkabidhi fundi mmoja wa Nairobi, ambaye huchukua kazi za kukarabati na kuunda upya vigari vya mfano kwa malipo, kigari cha chapa ya Corgi, Volkswagen 1200 namba 256 iliyokuwa ya marehemu baba yangu, ili aifunge matairi mapya. Sikumwagiza jambo lingine lolote. Amenirudishia bodi iliyovuliwa rangi yote ya kiwandani, ikapigwa rangi nyingine, ikafungwa kwa skrubu mahali palipokuwa na ribiti, na juu ya hayo ananidai salio la kile anachokiita ukarabati kamili. Jina lake silitaji hapa, lakini kazi yake nitaieleza kipande kwa kipande ili kila mwenye kigari cha zamani ajue cha kuuliza kabla hajakitoa mkononi.

Kwa wasiokifahamu, kigari hiki kilitoka miaka ya 1960 katika kiwanda cha Swansea, Wales, ambako kampuni ya Mettoy ilianza kutengeneza magari ya Corgi mwaka 1956. Kiliundwa kwa heshima ya mashindano yetu ya magari ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II na yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen haikuchaguliwa kwa kubahatisha, kwa sababu gari hilo dogo lilishinda Safari mwaka 1954, likashinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962, tena kwenye barabara za vumbi na matope ambazo wazee wetu walisimama kandokando yake kutazama. Ndani ya boksi kulikuwa na faru mdogo wa kuweka kando ya gari, na gurudumu la akiba lililo juu ya paa, ukilizungusha kwa kidole, liligeuza magurudumu ya mbele. Baba alikinunua Mombasa, kaka zangu wakakichezea kwenye sakafu ya saruji, na rangi ikabanduka kidogo kwenye matao ya magurudumu na kwenye ukingo wa boneti. Kasoro hizo ndizo nilizotaka zibaki, na nilimwandikia fundi ujumbe wenye maneno haya haya: usiguse rangi, usifungue kitako (yaani bamba la chini la kigari).

Matairi ya awali yalikuwa yamekakamaa na kupasuka, kama inavyotokea kwa mpira uliokaa miongo mingi katika joto la pwani. Fundi alikuwa na matairi ya kuiga yaliyoagizwa kutoka Uingereza, na sharti lake lilikuwa kwamba hayauzi peke yake, bali huyafunga mwenyewe. Nilikubali, nikatuma arbuni pamoja na kigari. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba kubadili matairi ya aina hii hakuhitaji kufungua chochote. Tairi la zamani hukatwa kwa uangalifu au huvutwa likatoka kwenye rimu, rimu husafishwa kwa brashi laini, na tairi jipya hulowekwa katika maji ya uvuguvugu ili lilegee, kisha husukumwa taratibu mpaka likae. Ni kazi ya jioni moja, na chombo kikubwa kinachohitajika ni kijiti cha meno.

Sasa tazameni kilichorudi. Ribiti mbili za chini zimetobolewa kwa drili, na mojawapo imetobolewa kando ya kitovu chake, kiasi kwamba nguzo ya ndani inayoshika ribiti imepasuka upande mmoja na skrubu iliyowekwa inazunguka bila kushika. Ili kitako kisidondoke, fundi amemimina supagluu kuzunguka ukingo wote, na mvuke wa gluu hiyo umeingia ndani na kuacha ukungu mweupe kwenye vioo, ukungu ambao kila mwanafunzi wa kazi hii hutahadharishwa juu yake tangu siku za mwanzo. Rangi aliyotumia ni ile ya magari makubwa inayochanganywa na hadna (dawa ya kuikausha iwe ngumu), na ameipiga nene mno, hata mistari ya milango imezibika na mkunjo wa boneti umegeuka kuwa uvimbe. Gurudumu la paani limegandishwa na rangi hiyo hiyo na halizunguki tena. Namba 18 iliyokuwa ubavuni ameirudishia kwa stika ya karatasi iliyochapwa kwa printa ya kawaida, kwa mwandiko usiofanana hata kidogo na ule wa asili, na ukingo mweupe wa karatasi unaonekana ukiwa umekaa mbali na meza. Faru naye amepakwa rangi ya fedha, na mpaka leo ukimshika anakunatia vidole.

Kilichoniuma kuliko vyote niliking'amua nilipokwangua rangi hiyo kidogo upande wa ndani wa tao la gurudumu. Metali iliyo chini yake ni nyeusi na ina vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Nilipomuuliza, fundi alijibu bila kusita kwamba rangi aliivua kwa kulaza bodi usiku kucha kwenye kostiki soda, ile ile inayotumika kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, kwa sababu ni rahisi na inapatikana kila duka la vifaa. Bodi za vigari hivi si chuma. Ni aloi ya zinki yenye aluminiamu kidogo, na metali hizo mbili zote hushambuliwa na kostiki: hutoa viputo vya haidrojeni na huliwa taratibu mpaka uso wake unakuwa na vishimo. Ukiitumia kwa muda mfupi sana huku ukiikagua kila mara, huenda ukaokoka. Ukiilaza usiku mzima, unaila bodi yenyewe, na herufi ndogo zilizochongwa kwenye metali ndizo hutangulia kufutika. Zipo dawa za kuvulia rangi zisizodhuru zinki, na mwenye kudai malipo ya ufundi ana wajibu wa kuzijua kabla hajagusa mali ya mtu.

Nilipomlalamikia, alinijibu kwamba wateja wake wote hupenda kigari king'ae na kwamba nimshukuru kwa kunifanyia zaidi ya nilichoomba. Jibu hili sikubaliani nalo hata chembe. Katika vigari vya zamani, rangi ya kiwandani ndiyo sehemu isiyoweza kurudishwa. Tairi linapatikana, boksi la kuiga linapatikana, hata faru wa kuiga anapatikana, lakini rangi iliyopigwa Swansea zaidi ya nusu karne iliyopita ikishavuliwa imekwisha, na hakuna fundi duniani atakayeirudisha. Ndiyo maana wakusanyaji wanaojua wanalofanya hukipenda zaidi kigari chenye mikwaruzo ya asili kuliko kilichopakwa upya, hata kama hiki cha pili kinavutia zaidi pichani.

Naomba nieleweke vizuri, maana najua kuna watakaodhani napinga kubadilisha vigari. Mimi mwenyewe hukaa usiku nikiziunda upya HiAce za chapa ya Tomica ziwe matatu za njia za hapa Mombasa, na kila hatua yake naifurahia: kutoboa ribiti polepole kwa drili ya kuanzia na kisha kubwa zaidi, kuweka hesi (mifereji ya kushikia skrubu) ya skrubu ya milimita 2 ndani ya nguzo ile ile, kuvua rangi, kupiga praima nyembamba na kuitazama chini ya taa, kusugua kwa msasa wa maji, kupiga rangi kwa tabaka nyepesi kadhaa badala ya moja nzito, na kubandika michoro ya maji (stika zinazolowekwa ili ziachane na karatasi yake) juu ya rangi inayong'aa ili hewa isinaswe chini yake. Hapa pwani sipigi rangi siku za mvua, kwa sababu unyevu hufanya rangi ya laka ipauke na kuwa nyeupe. Kigari kipya kinachotoka kiwandani kwa wingi ni mali yako. Kikate, kirefushe, kibadilishe magurudumu, kipe injini ya gari jingine. Hakuna kinachopotea. Cha mwenzako, tena cha zamani, tena ulichoandikiwa usikiguse rangi, hicho si uwanja wako wa kuonyesha kipaji.

Na hapa nina neno kwa baadhi yetu tuliomo humu. Fundi huyu aliziweka picha za kigari changu mtandaoni, akaandika kwamba amekifufua, na wapo waliompongeza kwa mikono miwili bila kuuliza kilikuwaje kabla. Hakuna aliyeomba kuona picha ya chini ya kitako. Hakuna aliyeuliza rangi ya zamani ilivuliwa kwa nini na kwa ruhusa ya nani. Wapo hata waliomwomba awafundishe njia yake ya kostiki, naye akawaeleza kiasi cha kuchanganya, bila neno lolote kuhusu glavu wala miwani, katika kitu kinachounguza ngozi na kupofusha jicho. Vijana wanaoanza wanajifunza kutokana na picha hizo, na tukiendelea kupongeza mng'ao peke yake, vigari vichache vya zamani vilivyobaki katika makabati ya wazazi wetu vitaishia kwenye ndoo za kostiki.

Ninachomtaka fundi huyu afanye nimeshamwandikia, na nakirudia hapa mbele ya mashahidi. Salio analodai sitalipa. Arbuni airudishe yote, kwa kuwa kazi niliyoiagiza hakuifanya. Hata matairi yenyewe aliyafunga yale mapana ya gari jingine, ambayo yanagusa matao na kuzuia magurudumu kuzunguka. Rimu mbili za awali alizozitoa na kuweka nyingine anirudishie kama zilivyo, bila kuzisafisha. Picha azifute, au aandike chini yake kwamba kigari kilivuliwa rangi ya asili kinyume cha maagizo ya mwenyewe.

Kwenu mafundi waaminifu mliomo humu, ambao nawafahamu na kuwaheshimu, ninaomba mambo mawili. Kwanza, yeyote anayejua namna ya kulainisha supagluu kwenye ukingo wa kitako bila kuharibu zaidi vioo vya plastiki anieleze, kwa sababu nataka kukifungua na kuona nguzo za ndani zimebaki katika hali gani. Asetoni naiogopa, kwa kuwa najua inavyoyeyusha plastiki. Pili, wale mnaopokea kazi za watu, nashauri tuanze kutumia karatasi fupi ya makubaliano yenye picha za kigari pande zote, orodha ya kinachoruhusiwa kuguswa, na sahihi ya pande zote mbili kabla ya arbuni kutumwa. Nimeshaandika rasimu yake.

Picha za kabla na baada, pamoja na ujumbe niliomtumia fundi kabla ya kazi na majibu yake, nikiwa nimefuta namba za simu, zitafuata katika bandiko linalofuata hapa chini.