Bodi ya uuguzi haina akidi, faili limekwama

Mama Neema:
Ndugu zangu, poleni na majukumu. CES yangu (ripoti ya kutathmini masomo ya muuguzi aliyesomea nje ya Marekani) ilishafika bodini, alama za vidole zilirudi safi, ada nimelipa. Kilichobaki ni kamati ipitie transkripti yangu, kwa sababu chuo changu kiliweka masaa ya afya ya akili ndani ya somo jingine badala ya kuyaandika peke yake. Leo nimepiga simu naambiwa kikao kimeahirishwa, wajumbe hawakufikia akidi. Wengine muda wao umekwisha na gavana hajateua wapya. Tarehe nyingine hawana. ATT, kibali cha kufanya mtihani wa leseni, sipati, mwajiri anauliza kila siku, na huku naendelea na kazi ya CNA, msaidizi wa wauguzi, nikiinua wagonjwa usiku kucha. Jimbo silitaji, faili bado liko mikononi mwao.

Naomba kujua: CES ile ile inaweza kutumwa bodi ya jimbo jingine, au naanza upya na chuo kule nyumbani?

Baba Imani, Texas:
Pole sana dada. Watu wengi hapa hupiga simu bodini kama wanapiga ofisi ya kawaida, kumbe kuna vitu viwili. Wapo wafanyakazi, chini ya mkurugenzi mtendaji aliyeajiriwa na bodi. Hao ndio wanapokea fomu na kutoa leseni zisizo na utata. Halafu ipo bodi yenyewe, watu wenye kazi zao wanaokutana mara chache kwa mwaka. Faili likishakuwa na swali linapanda kwao, na huko linapanga foleni pamoja na kesi za nidhamu.

Bodi ni ya gavana. Hapa Texas wajumbe ni 13. Gavana anateua, Seneti ya jimbo inathibitisha, kipindi ni miaka sita, na vipindi vimepishanishwa wasitoke wote kwa pamoja. Katika hao 13, wauguzi ni sita, walimu wa uuguzi watatu, na wanne ni raia tu wasiotoka kwenye fani. Muda ukiisha kabla mrithi hajateuliwa, mjumbe anaendelea kukaa, ila si zaidi ya mwisho wa kikao cha kawaida cha Bunge la jimbo kinachofuata. Kwa hiyo kwenu kuna uzembe. Mwandikie gavana, nakala kwa seneta wa jimbo wa eneo lako. Na nasema seneta wa jimbo, siyo wa Washington. Kuna mtu humu aliwahi kuandika Washington akashangaa hajibiwi.

Saumu, North Carolina:
Kaka, usiseme "bodi ni ya gavana" kana kwamba majimbo yote ni Texas. Hapa kwetu wauguzi tunapiga kura. Bodi ina wajumbe 14: RN (wauguzi waliosajiliwa) wanane na LPN (wauguzi wa ngazi ya chini yao) watatu tunawachagua wenyewe, gavana anapata nafasi moja ya raia, na mbili za raia zinajazwa na Bunge la jimbo. Mimi napiga kura kila uchaguzi na nawahimiza wenzangu. Wakenya na Watanzania tumejaa hospitalini, ila ikija kura ya bodi hatuonekani.

Baba Imani:
Saumu, North Carolina mko peke yenu kwa hilo upande wa wauguzi. Dada anahitaji msaada wa pale alipo.

Saumu:
Na wewe hujui alipo.

Na nieleze kwa nini nalisisitiza. Bodi yetu ya madaktari wa meno nayo huchaguliwa na wenye leseni. Wajumbe walikuwa wanane, sita madaktari wenye kliniki zao. Wakaanza kuwaandikia barua watu waliokuwa wakiwang'arisha wateja meno madukani kwa bei nafuu, wakiwaamuru waache. FTC, tume ya serikali kuu inayosimamia ushindani wa biashara, wakawashtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2015 bodi ikashindwa, majaji sita kwa watatu. Hukumu ilisema kwamba bodi ikitawaliwa na watu wanaoifanya biashara ile ile, haiwezi kujificha nyuma ya jimbo kukwepa sheria za ushindani, mpaka jimbo liwe linaisimamia kweli kweli. Uchaguzi ni mzuri, lakini ndiyo maana viti vya raia navitaka viongezwe.

Mama Shani, msusi:
Hilo la meno limenigusa. Mimi niliwahi kupigwa faini katika jimbo nililoishi zamani kwa kusuka watu nyumbani bila leseni ya urembo. Walitaka nikasomee kemikali za nywele na kukata, vitu ambavyo msusi wa mabutu hagusi kabisa! Texas walifuta leseni ya ususi mwaka 2015, nikahamia. Huku wataalamu wa urembo na vinyozi hawako chini ya bodi yao wenyewe, wako TDLR, idara moja yenye fani nyingi, na juu yake kuna tume ya watu saba, nao ni wa gavana.

Mzee Kombo:
Wanangu, hamjambo. Nikisoma haya nakumbuka nyumbani. Kule Tanzania muuguzi anasajiliwa na baraza moja, anafanya kazi popote. Hapa ukivuka mto tu uko jimbo jingine na leseni jingine.

Fatma, Ohio:
Shikamoo Mzee. Samahani, baraza si moja. Baraza la Uuguzi na Ukunga la bara ni la bara. Zanzibar tuna letu, maana afya si jambo la Muungano. Mimi nimesajiliwa Unguja, na fomu hizi za Marekani zikiuliza "baraza la nchi yako" watu wananiambia niandike la bara. Siandiki.

Mzee Kombo:
Marahaba mwanangu. Ndivyo, lakini tusilete Muungano humu.

Fatma:
Mzee, fomu ndiyo iliyouleta. Karatasi zikitumwa baraza lisilo langu hazijibiwi, na huku faili langu linaandikwa "pungufu".

Joshua, Minnesota:
Kuhusu kuvuka mto: kuna NLC, mkataba wa leseni moja kwa majimbo mengi, ila Minnesota, California na New York hawamo. Na wale wapya mjue kuwa ile ya majimbo mengi inataka SSN, namba ya hifadhi ya jamii. Bila hiyo unapewa ya jimbo moja.

Baba Imani:
Kwa bodi kukwama, California ni mfano mkubwa, ingawa kwao haikuwa akidi. Bodi yao ya RN ilifikia kufa kisheria Januari 2012 kwa sababu sheria iliyoiunda iliisha muda na gavana alikataa kusaini mpya. Kazi zikapelekwa idara ya jimbo ya kulinda watumiaji wa bidhaa na huduma mpaka sheria mpya ilipopita.

Saumu:
Basi kila mwenye uraia wa Marekani humu aangalie ukurasa wa uteuzi wa gavana wake. Fomu ya kuomba kiti cha raia iko wazi na haitaki uwe muuguzi. Kadhalika vikao ni vya hadhara, vingi vinarushwa mtandaoni, na mara nyingi kuna muda wa mwananchi kusema. Mama Shani, wewe ndiye hasa ninayekufikiria.

Mama Shani:
Uraia naapa mwezi ujao. Nitumie hiyo fomu.