Mrejesho: kidonda kisichouma kilikuwa kaswende

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza iwapo kidonda kisichouma cha sehemu za siri, ambacho kilikuwa kimepona chenyewe, bado kinahitaji kupimwa. Nilikwenda kituo cha afya pamoja na mume wangu, na vipimo vya damu vilionyesha kwamba sote wawili tuna kaswende. Daktari alitueleza kwamba kidonda hicho kwa kawaida hutoweka ndani ya wiki 3 hadi 6 hata bila dawa, lakini bakteria hubaki mwilini, na baadaye huweza kuleta upele viganjani na kwenye nyayo, kisha baada ya miaka mingi kudhuru moyo, ubongo na macho. Tulichomwa sindano ya penisilini aina ya benzathini, na tutarudi kupima damu ili kuona kama imefanya kazi. Tulipimwa pia VVU, kwa kuwa vidonda vya namna hiyo hurahisisha maambukizi yake. Majibu yalikuwa hasi.

Dada uliyesema kwamba una mimba na dalili kama zangu, nakusihi usingoje siku ya kliniki: kaswende isiyotibiwa huweza kuharibu mimba au kumwambukiza mtoto, ilhali penisilini hiyo hiyo humtibu angali tumboni.