Filamu ya The Lodge: ni mimi sikuielewa, au siri yake ilichelewa kufichuliwa?

Mkazi_wa_Chamwino:
Salaam, wakuu. Juzi tuliitazama The Lodge, filamu ya mwaka 2019 iliyoongozwa na Veronika Franz na Severin Fiala, na mpaka leo nina kinyongo nayo. Ambaye hajaitazama aishie hapa, kwa sababu nitaeleza kila kitu.

Grace, ambaye utotoni alinusurika peke yake pale waumini wa kikundi cha baba yake walipojiua kwa pamoja, anaachwa katika nyumba ya mapumziko iliyozungukwa na theluji, pamoja na watoto wawili wa mchumba wake. Mama yao alijiua baada ya kuambiwa kuwa talaka inapaswa kukamilishwa ili baba amwoe huyo Grace. Asubuhi moja wanaamka na kukuta chakula, nguo za baridi na dawa zake vimetoweka, na mbwa wake hayupo.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshikwa barabara, maana kwetu upepo wa Julai ukianza kupiga mabati usiku, hata mtu mzima husita kutoka nje. Kisha, filamu ikiwa inaelekea ukingoni, tunaambiwa kwamba yote yalikuwa njama ya watoto, na vitu walivificha chini ya sakafu. Nilijiona nimepigwa changa la macho. Je, ninaionea?

Mama_wa_Kisasa:
Mleta mada, huionei, ila nadhani umeshika kosa lisilo lenyewe. Watoto wanamshawishi Grace kwamba hita ya gesi iliharibika usiku, wakakosa hewa na kufa, na kwamba pale walipo ni baada ya kifo. Sisi ambao kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani na haikuamka, hatuhitaji kuelezwa kuwa hewa ya sumu itokayo kwenye moto wa namna hiyo haina harufu wala rangi, na ndiyo maana sehemu hiyo ilinitisha kuliko theluji yote. Kinachonikera ni wepesi wa njama yenyewe: watoto wawili wanahamisha vitu vya nyumba nzima usiku mmoja, na mtu mzima aliyemo ndani hasikii chochote. Jibu kwamba walimlevya halinitoshi. Baba naye, kumwacha mwanamke mwenye historia ile na watoto wanaomchukia, akaenda kazini mjini! Hapo nilitaka kuizima.

Ng'ambo_ya_Korongo:
Mimi niliitazama kwa namna tofauti, kwenye banda la video, ikiwa imetafsiriwa. Mtafsiri, kwa uropokaji wake, alitutobolea siri mapema: "Watoto hawa ndio wabaya, mwangalieni huyu wa kiume." Wengine walimzomea. Lakini kuanzia hapo kila Aiden, yule mtoto wa kiume, alipomtazama Grace kwa upole, banda zima lilinyamaza, kwa kuwa tulijua anachokifanya na tulijua pia mwanamke yule alikotoka. Hitchcock, yule mwongozaji maarufu wa filamu za mashaka, alikuwa akieleza kwamba bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache, bali akijua tangu mwanzo kuwa lipo, atahangaika kwa dakika 15 wakati walioketi wanazungumza mambo yao. Waongozaji walikuwa na bomu zuri, wakalificha hata kwetu. Kwa hiyo mkuu, hasira yako ina msingi: walichagua mshtuko wa dakika moja, wakaacha hofu ya saa nzima.

Mpenzi_wa_Sinema_Dom:
Sikubaliani kabisa na hayo. Watoto wanapoogopa na kukiri kila kitu, Grace haamini tena. Ameshakubali kuwa amekufa. Tungejua mapema, tungekuwa upande wake muda wote na kitendo hicho kisingetuuma vile. Kwa taarifa tu, baba yake Grace katika filamu ameigizwa na Danny Keough, ambaye ni baba mzazi wa Riley Keough, mwigizaji aliyecheza kama Grace.

Mkazi_wa_Chamwino:
Nawashukuru. Hoja ya kukiri imenigusa, ingawa bado nipo na mtafsiri wa bandani. Jumamosi nitairudia na shemeji yangu ambaye hajaiona, na nitamtobolea siri kabla hatujaanza, kisha nimtazame yeye badala ya filamu.