Taasisi ya utafiti wa uzee, afya na teknolojia chuoni: rasimu iwe na nini?

Mratibu_Bara: Habari wanajamvi. Chuo chetu (Tanzania Bara) kina shule ya tiba, uhandisi na sosholojia, na tunataka taasisi moja ya utafiti wa wazee. Rasimu inakwenda Seneti, kisha Baraza. Kipi kisikosekane, na utafiti wa kwanza tuuandaeje?

Kitivo2: Mkuu, kigumu kuliko vyote ni watu. Mhandisi aliyeazimwa taasisi bado anapandishwa cheo na idara yake. Huko machapisho aliyoandika na madaktari yakihesabiwa nusu, mwaka haupiti atarudi kwao. Andikeni mapema: asilimia ngapi ya muda wake ni ya taasisi (kwa maoni yangu chini ya 40 atabaki mgeni), nani anajaza fomu yake ya tathmini, na makato ya miradi yanagawanywaje kati ya chuo, idara na taasisi. Wakuu wa idara wasaini kabla ya Seneti. Mratibu, mhasibu na msimamizi wa data walipwe na fungu la chuo. Wakilipwa na mfadhili, ruzuku ikiisha kinabaki kibao mlangoni.

Mdadisi_Mkuu: Mimi nianze na umri wenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu mzee kuanzia miaka 60, ila wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na majibu hurundikana kwenye 60, 65 na 70. Tumieni kalenda ya matukio: Uhuru 1961 alikuwa ameanza kuchunga? Azimio la Arusha 1967 alikuwa ameoa? Vita vya Kagera 1978, kifungua mimba wake alikuwa na umri gani? Ongezeni matukio ya wilaya husika, njaa au mafuriko yanayokumbukwa.

Kumbukumbu msiipime kwa kipimo kinachodai kusoma na kuandika. Asiyekwenda shule ataonekana mgonjwa. Kipimo cha IDEA, kisichodai kusoma wala kuandika, kilitengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro: mzee anakumbuka maneno 10, anamtaja kiongozi wa kijiji, anapanga njiti za kiberiti kwa mfano aliooneshwa.

Mwendo: pimeni mita 4 kwenye sakafu tambarare, aanze kutembea mita 1 nyuma ya mstari. Akizidi sekunde 5, yaani chini ya mita 0.8 kwa sekunde, afuatiliwe.

Mratibu_Bara: Asanteni sana. Utambulisho tulipanga alama za vidole.

Fundi_Vifaa: Zitawaangusha. Jembe la miaka 50 linasugua mistari ya vidole, na ngozi ya uzeeni ni kavu. Kisomeo kinakataa mara tatu, mzee anaaibika mbele ya watu. Toeni kadi yenye namba, na picha ibaki kwenye faili. Na kabla ya kutuma ujumbe wa afya, ulizeni simu inashikwa na nani. Mara nyingi kitochi ni cha nyumba nzima na anayesoma ni mjukuu, kwa hiyo pigeni kwa miadi.

Vibali ni kamati ya maadili ya chuo na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha usajili chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ridhaa ya asiyesoma ni dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yenu.