Kopo la sarafu na noti za zamani za Marekani, nianzie wapi?

Mama Lulu
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada. Babu yake mume wangu alifariki na tulivyokuwa tunasafisha nyumba yake hapa Minnesota tukakuta kopo la biskuti limejaa hela za zamani, bibi akanikabidhi mimi maana wajukuu wengine walitaka wakazitumie tu dukani. Kuna sarafu kubwa nzito ya dola moja ya 1921 ina kichwa cha mwanamke na nyuma tai, robo dola imeandikwa 1776 (hii ndo imenishtua), senti moja ya 1943 rangi ya kijivu, na nusu dola za Kennedy kumi zote 1964. Noti ni dola mbili ya 1976 na dola moja imeandikwa 1935 A, ila hiyo muhuri wake ni wa njano, mume wangu anasema ni feki kwa sababu hajawahi kuona muhuri wa njano maishani. Kuna mtu kasema atanipa dola 100 kwa vyote. Babu alikuwa askari vita ya pili, hakuwa mkusanyaji. Nimeanza kuzing'arisha na dawa ya meno ili zisomeke vizuri, ile ya 1921 imetoka nyeupeee. Niuze?

Mzee wa Robo
Dada weka chini hiyo dawa ya meno, tafadhali sana! Usisugue hata moja tena. Wanunuzi wanaiona sarafu iliyosuguliwa hapo hapo na wanashusha bei, yale madoa ya uzee ndo wanayoyataka.

Hiyo 1776 isome tena vizuri, itakuwa 1776-1976, ni ya miaka 200 ya uhuru wao na nyuma ina mpiga ngoma. Marekani ilikuwa haijaanza kutengeneza robo dola kabla ya 1796. Nyingi ni senti 25 za kawaida, ukiona herufi S iangalie ubavuni, kama hakuna mstari wa shaba inaweza kuwa ile ya wakusanyaji yenye asilimia 40 ya madini ya fedha. Senti ya kijivu ni chuma, shaba mwaka huo ilipelekwa vitani, ipo kila mahali. Inayosakwa ni 1943 ya shaba, na hata hiyo watu wanapaka shaba juu ya chuma ili wadanganye, ikinaswa na sumaku ujue umepigwa.

Ya 1921 inaelekea ni Morgan, yaani aina ya dola ya fedha ya zamani. Inavutia lakini mwaka huo zilitengenezwa zaidi ya milioni 86, kwa hiyo thamani yake kubwa ni fedha iliyomo. Ipime, inatakiwa iwe karibu gramu 26.7, feki ni nyingi.

Sasa huyo wa dola 100 usimjibu kwanza. Nusu dola ya 1964 ni fedha asilimia 90, kila moja ina gramu 11 na kitu za fedha safi, zidisha kwa kumi halafu angalia bei ya fedha ya siku hiyo ndo uongee naye.

Noti Tu
Mzee wa Robo kaongea vizuri ila karuka kitu kikubwa kuliko vyote humo. Mama Lulu, namba za hiyo noti ni za bluu? Kama ndiyo basi siyo feki kwa sababu ya njano, noti za muhuri wa njano zilichapwa kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani waliopelekwa Afrika Kaskazini 1942, ili zikitekwa na adui serikali iweze kuzikataa zote kwa kuangalia rangi. Za Hawaii nazo walizifanyia hivyo hivyo, muhuri wa kahawia na neno HAWAII kubwa nyuma. Ya dola moja siyo utajiri, ila ni zaidi ya 1935 yenye muhuri wa bluu ambayo imejaa kila droo ya Marekani. Usiipige pasi, usiibandike gundi, mikunjo iache. Dola mbili ya 1976 ni dola mbili.

Mama Lulu
Jamani namba ni za bluu!! Nimemuuliza bibi akanyamaza kwanza, halafu akasema babu alikuwa Tunisia na hiyo noti alirudi nayo kwenye mfuko wa shati, hakutaka kuitumia. Mume wangu kaishika muda mrefu hajasema kitu. Hiyo hatuuzi, nusu dola ndo nitauza. Noti nikiiweka kwenye mfuko wa plastiki inatosha?

Noti Tu
Usitumie ile plastiki laini yenye harufu, hiyo ni PVC, inaharibu noti na sarafu pia. Tafuta mifuko migumu kidogo ya noti inayouzwa kwa wakusanyaji, na iweke mbali na jua. Na hayo maneno ya bibi yaandike leo kwenye karatasi pembeni, tarehe na jina la babu.