assertThrows, expected au try/catch: mnapimaje ujumbe wa eksepsheni?

fundi_sinza: Wakuu, habarini. Tunaandika Java, mfumo wa malipo ya simu. Testi zetu za JUnit (maktaba ya testi za Java) zina mitindo mitatu ya kupima eksepsheni, yaani kosa linalorushwa na msimbo: `@Test(expected=...)`, `ExpectedException` na try/catch ya mkono. Nataka tubaki na mmoja, na uweze kupima hata ujumbe ("Salio halitoshi"). Mnatumia upi?

mkongwe_java: `expected` toa kabisa. Inaangalia aina tu, ujumbe haiugusi. Tena eksepsheni ya aina hiyo ikirushwa kwenye mistari ya maandalizi, testi inapita vilevile. Try/catch nayo, mtu akisahau `fail()`, msimbo usiporusha chochote bado unaona kijani (testi imepita). `ExpectedException` imestaafishwa tangu JUnit 4.13, na toleo hilohilo ndilo lililoleta `assertThrows` kwenye JUnit 4. Kwa hiyo huna hata haja ya kuhamia JUnit 5 kwanza:

```
var e = assertThrows(SalioHalitoshi.class,
    () -> pochi.toa(15000));
assertEquals(5000, e.pungufu());
```

Inakurudishia eksepsheni yenyewe, uikague utakavyo.

dogo_mwenge: AssertJ je, ile maktaba ya kuandikia assert? `hasMessageContaining` inasomeka vizuri.

mkongwe_java: Inasomeka, ndiyo. Kama tayari mnayo, itumieni.

dada_nyoka: Sisi wa Python tuna `pytest.raises(..., match="...")`, ya maktaba ya testi ya pytest. Angalizo: `match` ni ruwaza (regex), inatafutwa popote ndani ya ujumbe. Ukiandika "15.000", hata "15,000" inakubalika, maana nukta ni herufi yoyote. Ukiweka mabano bila `re.escape` (inayofanya alama zisomwe kama zilivyo), testi inaweza kuanguka na ujumbe uko sawa kabisa. Na assert ukiiandika ndani ya `with`, chini ya mstari unaorusha, haitekelezwi kamwe. Nakutana nayo kila mara kwenye misimbo ya watu.

qa_kigamboni: Mnalinganisha zana, mimi nauliza: sentensi nzima mnaipimia nini? Mtu akibadilisha "Salio halitoshi" kuwa "Huna salio la kutosha", testi zinaanguka na hakuna kilichoharibika. Ujumbe wa Java yenyewe ndio usiuguse: ule wa NullPointerException ulibadilika kuanzia Java 15 bila wewe kugusa mstari.

fundi_sinza: Ila qa_kigamboni, ujumbe wetu unaenda kwenye meseji ya mteja.

qa_kigamboni: Basi eksepsheni ibebe namba ya kosa na kiasi. Sentensi ikae kwenye faili la tafsiri, Kiswahili na Kiingereza, ipimwe hukohuko.

mkongwe_java: Nakubali nusu. Tukisoma faili la miamala, ujumbe usiotaja namba ya mstari hausaidii mtu wa zamu usiku. Hapo napima kipande hicho tu: `contains("mstari 7")`.

fundi_sinza: Sawa, `assertThrows`. Hizi `ExpectedException` zote nizibadilishe kwa mkono?

dogo_mwenge: OpenRewrite, zana ya kubadilisha msimbo, inabadilisha yenyewe, mkuu. Ila kagua kila lamda (kile kipande cha `() ->`): ibaki na mstari mmoja tu, ule unaotakiwa kurusha.